Nilisikia Nini Jumamosi Ile?

Shemeji aliingia na kifuko cha kitambaa, kama vile vya kuhifadhia viatu vya harusi. Akakifungua taratibu mbele ya wanangu, akatoa waya wa spika.

Waya tu. Mnene kama kidole gumba, umevikwa nyuzi za kijivu zilizosukwa, na ncha zake zina vichwa vya rangi ya dhahabu. Alikuwa amepanda nao basi kutoka Dar akiwa ameupakata njia nzima, maana hakutaka ukae kwenye buti pamoja na ndoo za watu. Tukauchomeka. Ulikuwa mnene mno kupita chini ya zulia, tukaulaza juu yake kuzunguka ukuta. Akawasha amplifaya yangu, akaweka santuri ya rumba, na glasi za kabatini zikaanza kutetemeka.

Besi.

Nilikuwa na amplifaya ile kwa miezi saba na sikuwahi kuisikia besi ya namna hiyo. Mwimbaji, ambaye siku zote sauti yake ilikuwa imetapakaa chumbani kama mafuta ya taa juu ya maji, leo alisimama katikati ya spika mbili, mahali ambapo ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

"Umeona, shemeji?"

Nikaona. Na kwa wiki mbili zilizofuata sikuwa na habari nyingine. Kazini, kwenye daladala, kwenye kundi letu la wapenda muziki hapa Mwanza, kote niliwaambia watu kwamba waya ndio kila kitu. Wawili walinunua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na ndiyo sababu ya makala hii.

## Miezi saba ya kumlaumu asiyehusika

Amplifaya yenyewe ni ya mtumba, wati 60 kila upande, na inatumia volti 230. Naitaja volti kwa makusudi. Kabla yake nilinunua nyingine nzuri sana iliyotoka Japani, nikaichomeka ukutani kwa furaha, ikatoa moshi kabla haijatoa sauti. Kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Tuache hayo, sijapona bado.

Spika ni za omu 6, yaani kipimo cha jinsi zinavyokinza umeme. Sebule yangu, huku Kitangiri, ina soketi moja inayoaminika, nayo iko kona ya kulia. Spika ya kulia iko jirani na amplifaya, mita tatu za waya zinatosha. Ya kushoto iko mita tatu tu kutoka ya kulia, lakini katikati yao kuna mlango wa kutokea barazani, na mama watoto alishasema hataki kuona waya unakatisha mlangoni. Kwa hiyo waya unazunguka kuta nyingine zote hadi kufika. Mita kumi na mbili.

Nilitumia waya mwembamba mwekundu na mweusi uliokuja na spika. Haukufika. Nikaunga kipande kingine cha aina hiyohiyo, usiku, umeme umekatika, tochi ya simu nimeibana mdomoni. Nikafunga tepu nyeusi, nikalaza zulia juu yake, nikasahau.

Muziki ukawa hauna tumbo. Matoazi safi, magitaa safi, lakini besi imekonda. Nikailaumu amplifaya. Nikazilaumu spika. Nikalaumu unyevu wa ziwa, nikalaumu bati la nyumba, nikamshuku hadi yule mjusi wa mawe yetu, kichwa chekundu mwili wa buluu, anayeingia sebuleni mchana kama mpangaji. Jirani ana sabufa ya kichina ya bei ya kawaida na ilikuwa inanizidi besi kupitia ukuta wa tofali. Nilikuwa naongeza sauti, mama watoto anapunguza.

Kwa hali hiyo, shemeji alipokuja na kifuko chake, mimi nilikuwa mgonjwa anayesubiri mganga yeyote.

## Elfu ishirini na tano kwa mita

Shemeji anafanya kazi na watu wa muziki wa maharusi huko Dar. Waya ule aliuleta nijaribu, nikipenda nilipe. Kabla ya kuja alinipigia simu kuuliza vipimo, na akanisisitiza nichukue mita kumi na mbili kwa kila upande, eti sauti zifike pamoja. Nikamwambia pesa hiyo sina, alete kumi na mbili na tatu. Akaleta kwa shingo upande.

Hapa niseme jambo moja kisha nipite. Umeme kwenye waya unakimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Tofauti ya mita tisa ni makumi machache tu ya sehemu za bilioni ya sekunde. Sauti hewani inakwenda mita kama 340 kwa sekunde. Ukisogeza kiti chako sentimita moja tu kuelekea spika moja, umechelewesha sauti ya nyingine mamia ya mara kuliko zile mita tisa za waya. Hilo sikulijua wakati huo.

Nilichojua ni kwamba mita kumi na tano mara elfu ishirini na tano ni laki tatu na sabini na tano elfu, na Januari ilikuwa inakuja na ada zake. Baada ya wiki mbili nikaufunga ule waya kwenye kifuko chake, nikampa kondakta wa basi, nikarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kusindikiza mgeni asiyerudi.

Siku iliyofuata nilipita mjini kwenye duka moja la vifaa vya umeme nikanunua waya wa kawaida wa njia mbili, laini, ubavuni umeandikwa 2.5. Bei ndogo kuliko nilivyotegemea. Nilijiandaa kisaikolojia. Nilijua besi inaondoka, nikajiambia nitazoea.

Nikaunga. Nikaweka santuri ileile.

Glasi zikatetemeka.

Nilisimama pale na bisibisi mkononi muda mrefu. Ningetakiwa kufurahi, si ndiyo? Nimeokoa pesa. Badala yake nikashikwa na kitu kama aibu, nikazima, nikawasha tena. Mwimbaji palepale katikati. Kama waya wa bei hii unatoa sauti ile, basi watu wawili niliowaambia wanunue wa bei ile niliwaambia kwa ushahidi gani?

## Binti wa mita

Kuna fundi maeneo ya Makoroboi, binti wa miaka kama ishirini na tano, amesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato. Kibanda chake hakimzidi urefu. Nikampelekea mabaki ya waya wa dukani, pamoja na ile mita kumi na mbili yenyewe niliyoikunja asubuhi.

"Anko, umenunua huu kama shaba?"

"Si shaba?"

Hakunijibu. Alichukua wembe, akakwangua uzi mmoja kwa upole kama anamenya embe bichi. Juu mwekundu, ndani mweupe. Kisha akatenga uzi mwingine, akaupitisha kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Uzi ukajikunja, ukakatika, ukadondoka. Akachomoa uzi kutoka kwenye waya wake mwenyewe, akaupitisha kwenye moto huohuo. Ukawaka mwekundu na kubaki umesimama. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, alumini kwenye 660, na uzi mwembamba wa alumini hauna subira mbele ya kiberiti.

Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba juu.

Kisha akatoa mita, kile kifaa cha kupimia umeme. Nilichojifunza kwake zaidi ni hapa. Kabla ya kupima chochote aligusanisha ncha mbili za mita yenyewe kwa yenyewe. Ikasoma 0.3. "Hiyo ni ya nyaya za mita, anko, si ya kwako. Tunaitoa." Akasokota pamoja ncha mbili za upande mmoja wa waya wangu, akapima upande wa pili, ili umeme uende mita kumi na mbili na kurudi kumi na mbili. Ikasoma 0.8. Toa 0.3, inabaki 0.5.

Akaandika kwenye boksi la sabuni. Shaba ya milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita. Zidisha kwa 24: inapaswa kuwa karibu 0.17. Alumini ya unene huo ingesoma karibu 0.26 au 0.27. Sisi tumepata 0.5. Mita ile ni ya bei rahisi, 0.1 juu au chini siigombei, lakini bado hesabu haikai. Maana yake si alumini tu, hata 2.5 haifiki. Maandishi ya ubavuni yalikuwa mapambo.

Mimi nilinunua kwa ajili ya rumba. Nimewaza sana aliyenunua waya huohuo akafunga jiko la umeme.

Ila tazama: waya huo wa uongo ndio uliotetemesha glasi. Nilipomsimulia yote, tangu kifuko cha shemeji, binti aliweka mita chini.

"Na ule wa kwanza kabisa, wa kabla ya shemeji yako, uko wapi?"

"Bado uko chini ya zulia."

"Uuangalie," akasema. Alikuwa ameshaanza kuhudumia mteja mwingine.

## Chini ya zulia

Nilipandisha zulia jioni ile, watoto wakidhani natafuta panya. Waya mwembamba ulikuwa umelala palepale ukutani. Upande wa amplifaya: mwekundu na mweusi. Upande wa spika: mwekundu na mweusi. Kila kitu sawa. Mwekundu niliufunga kwenye chanya kote kuwili, nilikumbuka vizuri, nilikuwa makini.

Kisha kiungo. Tepu imelegea kwa joto, gundi imekuwa kama ulimbo. Nikaibandua. Shaba ilikuwa imeanza kuwa na ukijani kwa unyevu. Na uzi mwekundu wa kipande cha kwanza ulikuwa umesokotwa, vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu mwenye tochi mdomoni, na uzi mweusi wa kipande cha pili.

Nikakaa sakafuni.

Spika yangu ya kushoto ilifanya kazi kinyume kwa miezi saba. Ya kulia ikisukuma hewa, ya kushoto inaivuta. Wimbi la besi ni refu. La mizunguko 50 kwa sekunde linakaribia mita 7, kwa hiyo spika mbili zilizoachana mita tatu zikipingana, zinafutana. Mawimbi ya trebo, zile sauti nyembamba za juu, ni mafupi, yanapishana ovyo, mengine yanafutana na mengine yanaongezana, ndiyo maana matoazi hayakunishtua. Na mwimbaji aliyerekodiwa katikati hakuwa na katikati ya kusimama.

Waya wa shemeji haukuwa na kiungo. Wa dukani, pamoja na uongo wake wote, haukuwa na kiungo.

Nilikata zile ncha za kijani, nikaunga upya mwekundu kwa mwekundu, nikarudisha ule waya wa bure kwenye amplifaya. Kuhakikisha, kwanza nilifanya jaribio ambalo fundi yeyote wa redio analijua na mimi sikuwahi kujisumbua nalo: nikachomoa ncha upande wa amplifaya, nikazigusisha kwenye betri moja ndogo ya volti 1.5, mwekundu kwenye chanya. Koni ya spika ya kushoto, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ikaruka mbele. Ya kulia nayo mbele. Hapo ndipo nikaweka santuri.

Besi ilirudi. Si yote, nitaeleza, lakini sehemu kubwa ya ile niliyoisikia Jumamosi ile ilikuwa hapo, kwenye waya ambao duka linautoa zawadi.

## Sehemu iliyobaki

Ningeweza kuishia hapo na kusema nyaya zote ni sawa. Wapo wanaosema hivyo, nami wiki ile nilikuwa na hasira za kutosha kujiunga nao. Lakini mwimbaji hakusimama katikati. Aliegemea kulia kidogo.

Nikachukua kalamu. Waya ule mwembamba una milimita za mraba 0.5. Mita kumi na mbili kwenda na kurudi ni karibu omu 0.83, na kwa spika ya omu 6 hiyo ni desibeli moja nzima, kipimo cha ukubwa wa sauti, inayobaki njiani. Upande wa kulia, wenye mita tatu, ni omu 0.2, desibeli 0.3 hivi. Spika ya kulia ilikuwa inapata zaidi. Urefu kutolingana kulikuwa na madhara kweli, ila si kwa sababu ya shemeji ya sauti kuchelewa.

Tena zile omu 6 zilizoandikwa nyuma ya spika ni jina tu. Spika inabadilika na sauti inayopigwa: mahali fulani inashuka hadi omu 4, kwingine inapanda zaidi ya 20. Ukiweka ukinzani mkubwa njiani, zile sauti ambazo spika imeshuka ndizo zinazopunjwa zaidi. Kwa hiyo waya mwembamba kwa mbali haupunguzi sauti tu, unaibadilisha sura.

Kipimo ambacho wengi hutumia ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwangu mimi ni 0.3. Wa bure una 0.83, umefeli. Wa alumini una 0.5, umefeli pia, ingawa kwa masikio yangu ilikuwa vigumu kuushika. Shaba halisi ya 1.5 ingepita kwa shida, 0.28. Ya 2.5 ina 0.17, na hapo tofauti ya kulia na kushoto inakuwa ndogo kuliko ninavyoweza kusikia hata mvua isiponyesha juu ya bati. Kama spika zako ni omu 8 na ziko mita tatu, hata ya 1 inatosha sana, lala usingizi. Kama ni omu 4 na sebule ni ukumbi, nenda kwenye 4.

Nikanunua shaba, duka jingine, wembe na kiberiti mfukoni. Muuzaji aliniangalia vibaya nilipokwangua. Elfu tatu na mia tano kwa mita. Chukua wa njia mbili wenye nyuzi nyingi. Ule mgumu wa kufungia nyumba nao unapitisha sauti vizuri, lakini unakatika ukiukunja mara kwa mara na unapambana na skrubu za nyuma ya amplifaya. Na sokota nyuzi zako vizuri kabla ya kufunga. Uzi mmoja uliochomoza ukagusa waya wa pili, amplifaya yenye ulinzi itajizima. Isiyo na ulinzi itakupa kazi ya kumtafuta binti wa Makoroboi.

## Simba na kichwa

Pasaka shemeji alirudi, safari hii kwa mambo ya mahari ya mdogo wake huko Ukerewe. Na kifuko. Hakuwa amepata mteja wa vipande viwili visivyolingana. Akaniachia, akapanda meli kwenda Nansio kwa siku tatu. "Sikiliza tena," akasema, "utanipigia."

Nikaona hii ndiyo nafasi. Waya wake dhidi ya shaba yangu ya 2.5, hakuna alumini, hakuna viungo, betri imepita kote.

Binti yangu alirusha sarafu ya shilingi mia mbili: upande wa simba, waya wa mjomba, upande wa kichwa, wa baba. Mama watoto alibadilisha nyaya huku mimi nimekaa jikoni mlango umefungwa. Hata sarafu ikidondokea upande uleule mara mbili, mama watoto alichomoa na kuchomeka upya, ili nisihesabu muda. Kisha ananiita, nakaa, nasikiliza dakika moja ya wimbo uleule, naandika. Mara kumi.

Mara ya kwanza nilikuwa na uhakika. Niliisikia ile nafasi, ile hewa kati ya ala, nikaandika "shemeji" kwa herufi kubwa. Mara ya nne pia. Mara ya saba nilitaka kubadilisha jibu la mara ya sita, nikakataliwa na mwamuzi wa miaka kumi na moja.

Nilipata nne kati ya kumi. Ile ya herufi kubwa ilikuwa ya elfu tatu na mia tano.

Najua udhaifu wa jaribio letu. Kubadilisha nyaya kulichukua dakika nzima, na sauti haikai kichwani muda wote huo. Mara kumi ni chache. Mama watoto alikuwa anacheka. Lakini Jumamosi ile ya kwanza hakukuwa na sarafu, hakukuwa na mlango uliofungwa, kulikuwa na kifuko cha kitambaa na mtu niliyempenda akisema "umeona?"

Wale wawili niliowaambia wanunue nimewapigia. Mmoja alisema haoni tatizo, wake unasikika vizuri na umependezesha sebule. Wa pili alinyamaza, kisha akaniuliza jaribio la betri linafanywaje. Nikamweleza. Alinipigia baadaye akasema zote mbili zimeruka mbele, na kwa sauti yake nadhani angependa moja isiruke.

Shemeji nilimpigia usiku, yuko Nansio, nyuma yake nasikia vyura na watu wa mahari wakicheka. Nikamsimulia yote: kiungo, wembe, omu, sarafu, nne kati ya kumi. Alisikiliza bila kunikatisha.

"Sawa shemeji," akasema hatimaye. "Mlipojaribu, ulikuwa umekaa kiti gani?"

Nikataka kumjibu haraka. Nikageuka kuangalia sebuleni. Kiti changu cha siku zote tulikuwa tumekisogeza dirishani tangu Ijumaa Kuu, kupisha meza ya wageni.